Kusifia salfa sio kuchukua kadi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mkulima wa korosho Tandahimba, nina miaka 31, nina mikorosho kama 100 na kidogo. Ni mwanachama wa chama cha upinzani tangu 2015. Mwezi uliopita kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, nilisimama nikasema salfa ya ruzuku, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, imetusaidia, mwaka huu nimepata mifuko mitatu bila kutoa hela. Nimekaa tu chini wenzangu wakaninunia, usiku kwenye grupu la WhatsApp mmoja akaniita chawa, mwingine akasema nimeshanunuliwa. Alafu mjomba wangu ambaye ni kada wa CCM akanipigia simu akacheka akasema umeona sasa, umekubali mwenyewe, rudi nyumbani uchukue kadi. Mwalimu mi nilikuwa naongelea salfa. Hivi ukisifia sera moja ya serikali ndo umeiunga mkono serikali yote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu na ntakujibu kwa urefu, maana nimefundisha Uraia miaka mingi Masasi na baadae nikafanya kazi ya kuwafundisha wananchi kufuatilia bajeti za halmashauri zao, na hili jambo lako nimeliona likivunja vikundi vizuri kabisa vya watu wenye akili zao. Jibu fupi ni hapana. Hujaiunga mkono serikali yote. Ila hiyo hapana ina mlango mmoja ambao lazima nikuoneshe, kwasababu ukiupita bila kujua wenzako watakuwa na haki ya kukuuliza.

Ntaanza na baba yangu kwasababu hili jambo nilijifunza kwake kabla sijaingia darasa lolote.

Baba alikuwa na mikorosho yake Newala, aliipanda kijana. Miaka ya sabini ikaja operesheni vijiji, watu wakaambiwa wahame wakae pamoja karibu na barabara, mikorosho ikabaki kule kule, mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu. Ukiwa na mikorosho mbali namna hiyo hupalilii, majani yanapanda, moto unaingia, mwaka wa tatu unaenda kuokota unakuta pori. Haikuwa kwa baba tu. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, ilipofika katikati ya miaka ya themanini tulikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, bei ya mkulima ilikuwa ndogo mno na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ulikuwa umeingia, lakini watu kutenganishwa na mikorosho yao imo ndani na kila mzee wa huku anaijua.

Sasa serikali hiyohiyo, miaka hiyohiyo, ndio iliyomfundisha baba kusoma. Kisomo cha watu wazima, jioni, kibao na chaki, chini ya mwembe. Alikuwa mtu mzima ana watoto. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani ukapewa karatasi ya kilo zako mpaka ziuzwe mnadani, ilipoanza kwenye korosho mwaka 2007 alikuwa ameshazeeka, nikampeleka mimi kupima. Karani akapima, akaandika, akamtajia kwa sauti kilo mia nne kumi na mbili. Baba akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akakaa nayo kidogo, akamwambia mwanangu hapa umeandika mia nne ishirini na moja. Karani akaangalia, kweli. Tulipotoka nje akaniambia kwa Kimakonde maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi, Nyerere kanifundisha kusoma, na mikorosho yangu kaiua, vyote viwili. Hakuongeza kitu. Hakusema kimoja kinafuta kingine, hakuvipima kwenye mzani apate jibu moja. Vyote viwili. Na mpaka anafariki ukimuuliza habari za vijiji anakasirika kama imetokea jana, na ukimuuliza habari za kisomo anakuonesha anavyoandika jina lake.

Kwenye mantiki kosa walilolifanya wenzako na mjomba wako ni la zamani, kuchukua sifa ya sehemu na kuibandika kwenye kitu kizima. Ukisema mabibo ya huu mti ni matamu hujasema mti hauna ubwiriunga. Hilo kila mtu analielewa akiwa shambani, akija kwenye siasa analisahau. Wataalamu wa siasa nao wamelitenganisha siku nyingi, mwaka 1965 Mmarekani mmoja anaitwa David Easton aliandika kwamba kuna kuridhika na kitu fulani kilichofanywa na walioko madarakani, na kuna imani ya mtu kwa mfumo wenyewe, na hivi viwili havitembei pamoja kila siku. Mtu anaweza akachukia maamuzi ya mwaka mzima na bado akaamini mfumo, na mwingine akafurahia kila mradi na mfumo hauamini hata kidogo. Wewe uliongelea la kwanza wakakusikia umeongelea la pili.

Lakini sitaki tuishie kwenye mantiki maana wenzako sio wajinga, kuna sababu kwanini huku kwetu neno la sifa linasikika kama neno la kuhama.

Unakumbuka 2017 mpaka kuelekea uchaguzi wa 2020? Wabunge na madiwani wa upinzani walikuwa wanajiuzulu mmoja mmoja, na karibu kila mmoja akiulizwa sababu alikuwa na sentensi ileile, naunga mkono juhudi za Rais. Mbunge wa Kinondoni na mbunge wa Siha walianza mwisho wa 2017, Februari 2018 wote wakarudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Hata Ndanda hapo jirani, mbunge aliyechaguliwa kwa Chadema 2015 alihamia CCM mapema 2020. Kwahiyo kwa miaka mitatu mtu wa kawaida alikuwa anasikia "juhudi ni nzuri" na kesho yake anasikia "nimehama". Neno likachafuka. Ndo maana umesimama ukasema salfa imefika, mwenzako tayari anaona unatafuta mlango wa kutokea. Sio chuki, ni kumbukumbu, na wewe unatakiwa uijue ukiwa unawajibu.

Ila wakumbushe jambo moja kuhusu hao hao waliohama. Katiba yetu ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza ubunge. Wengi wa hao waliohama walipoteza viti vyao, waliotaka kurudi ikabidi wakaombe kura upya. Lakini mi sijawahi kusikia mbunge aliyepoteza kiti kwasababu alisimama akasema barabara ya jimboni kwangu imejengwa vizuri naipongeza wizara. Wa upinzani wamelisema hilo mara nyingi sana bungeni, wanapongeza kwanza alafu wanapiga spana, na jioni wako na chama chao. Sheria yenyewe imeona kusifia na kuhama ni vitu viwili tofauti.

Na kuna watu ambao kweli hawaruhusiwi kuchagua sehemu wakaacha sehemu. Mawaziri. Ibara ya 53 inasema mawaziri wanawajibika kwa pamoja bungeni, maana yake waziri wa kilimo hawezi kusimama akasema mi nakubali salfa ila ile sheria ya fedha siikubali, kama haikubali atoke. Huo mzigo wa kubeba serikali yote kwa pamoja ni wa waziri, analipwa kwa ajili hiyo, ana gari na dereva. Wewe mkulima nani kakubebesha? Anayekwambia ukisifia moja umebeba yote amekupa majukumu ya uwaziri bila kiapo.

Kuna sehemu moja tu mwananchi anapewa kifurushi kizima, nayo ni sanduku la kura. Pale huwezi kuweka tiki kwenye salfa na msalaba kwenye kodi, unachukua mtu na chama chake na yote yaliyomo. Wabunge nao wana siku yao, siku ya kura ya bajeti, wanaitwa jina mmoja mmoja anasema ndio au hapana kwa bajeti nzima, hata kama kuna mafungu aliyoyapenda. Siku nyingine zote zilizobaki zipo kwa ajili ya kuchambua. Mkutano wa AMCOS haukuwa siku ya kura. Ulikuwa siku ya kuchambua na wewe ulichambua.

Angalia tulivyo sisi wa kusini. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Wewe ulikuwa mtoto, lakini waulize wakubwa habari ya kivuko cha Ndundu, mvua zikinyesha mabasi yanakaa foleni siku nzima, watu wanalala Rufiji na watoto na magunia, mgonjwa anafia njiani kwenda Dar. Kila mtu wa Lindi na Mtwara amelisifia lile daraja na mpaka leo analisifia. Na watu haohao, mwaka 2015, Mtwara Mjini wakachagua mbunge wa CUF, Tandahimba kwenu CUF, Kilwa Kusini CUF, Ndanda Chadema. Kampeni zenyewe wagombea walikuwa wanakuja na magari yaliyopita juu ya daraja hilohilo. Na kuna wanaolisifia daraja na papo hapo hawamsamehei Mkapa, mtoto wa Lupaso mwenyewe, kwa namna viwanda vya kubangua korosho vilivyobinafsishwa vikageuka maghala. Hakuna aliyewaambia wamejichanganya.

Au rudi nyuma zaidi. Bandari ya Mtwara unayopeleka korosho zako asili yake ni ule mpango wa karanga wa Waingereza wa Nachingwea, ulioanza 1947 na ukafa mwanzoni mwa 1951. Mpango ulikuwa hasara tupu, ardhi hawakuipima, mvua hawakuijua, reli waliyoijenga mpaka Nachingwea tulikuja kuing'oa baada ya uhuru. Lakini kina cha maji cha ile bandari ni kizuri na meli kubwa zinaingia mpaka leo. Ukisema bandari ni nzuri umeusifia ukoloni? Mzee gani wa huku atakuelewa hivyo?

Sasa nataka tukae kidogo kwenye msimu wa 2018, kwasababu pale ndo utaona kwamba hata hicho tunachokiita serikali sio kitu kimoja.

Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000 na bei mnadani ikafika mahali ikapita 4,000 kwa kilo. Watu walinunua pikipiki, walijenga, walisomesha. Juni 2018 bunge likapitisha sheria ya fedha. Kabla ya hapo ushuru wa korosho ghafi zinazotoka nje, ambao wakati huo ulikuwa asilimia 15 ya bei au dola 160 kwa tani, inachukuliwa ile iliyo kubwa, ulikuwa unagawanywa, asilimia 65 inarudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao na 35 inaenda Hazina. Sheria mpya ikapeleka yote Mfuko Mkuu wa serikali. Nani walipiga kelele? Wabunge wa CCM wa kusini wenyewe, Nape Nnauye wa Mtama akiwemo, walisimama bungeni kwa ukali. Walikuwa wameacha CCM? Hapana, walikuwa wanapinga jambo moja.

Oktoba mnada ukafunguliwa, wanunuzi wakaleta bei chini ya 3,000, wakulima Tandahimba na Newala wakakataa kuuza. Hapo naomba ukumbuke, waliokataa ni nyinyi. Novemba Rais Magufuli akatengua mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, akavunja bodi ya korosho, akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa 3,300 na jeshi lije kubeba. Watu walishangilia, hata wa upinzani walishangilia, na mimi nilisema siku ile kwamba mtu aliyesikia kilio cha mkulima apewe haki yake. Baadae malipo yakaanza kuchelewa. Uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 anatakiwa aoneshe shamba. Miezi ikapita, watu wana karatasi mkononi na hawana hela ya ada wala ya kupalilia, tukaingia 2019 bado kuna wanaodai.

Sasa niambie, mtu aliyesifia ile 3,300 mwezi Novemba ameunga mkono uchelewaji wa Februari? Na aliyelaani sheria ya Juni amepinga 3,300? Ni serikali moja, rais mmoja, zao moja, ndani ya miezi minane, na mambo matatu ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza akayapa hukumu tatu tofauti. Aliyesifia yote na aliyelaani yote wote wawili hawakuwa wanaangalia korosho. Mi nilichokosea mwaka ule, nakwambia ukweli, ni kwamba nilisifia nikanyamaza. Malipo yalipochelewa nilichukua wiki nyingi kuanza kusema kwasababu nilikuwa nimeshasema vizuri hadharani na niliona aibu kugeuka. Na kumbe sikuwa nageuka, lilikuwa jambo lingine kabisa. Hiyo inanisumbua mpaka leo maana nilikuwa na sauti na watu walikuwa wananisikiliza.

Na hapo ndo penye ule mlango niliokwambia.

Sifa yako inaanza kuwa kuunga mkono serikali yote pale inapotumika kujibu swali ambalo haliihusu. Mtu akiuliza malipo ya korosho yako wapi, wewe ukasimama ukasema lakini jamani salfa si tulipewa, hapo hujasifia salfa, umemfunga mwenzako mdomo kwa mfuko wa salfa. Hapo akikuita chawa mi siwezi kukutetea. Inakuwa hivyohivyo ukiwa na sifa kila mkutano na kwenye kasoro unaona mambo ni magumu kidogo huwezi kusema. Na ipo nyingine ambayo inapita kimya kimya zaidi, pale unaposema fulani "ametupa". Hii ya kutupa mi naiogopa sana. Ile salfa hakuna mtu aliyeitoa mfukoni mwake, korosho yenyewe ndo inayokatwa ushuru ikitoka bandarini, na hela ya Hazina ni kodi ya kila anayenunua sabuni na vocha. Ukisema serikali imepanga vizuri hela yetu kwenye salfa, umesifia uamuzi. Ukisema mama ametupa, baba ametupa, umetoka kwenye sera umeingia kwenye mtu, na mtu haji kwa vipande, ukimshukuru mtu umemshukuru mzima.

Kwahiyo nenda karudie maneno yako ulivyoyasema siku ile. Kwa ulivyoniandikia ulisema salfa ya ruzuku imetusaidia na ukataja mifuko mitatu. Hiyo ni sifa safi, ina kitu, ina idadi, haina mtu. Ungeweza kuimalizia vizuri zaidi, ntakuja hapo.

Kuna hofu nyingine ya wenzako ambayo ni ya kweli na usiidharau. Mtu anakurekodi sekunde kumi, kesho inazunguka "wakulima Tandahimba waishukuru serikali", na wewe ndo sura yake. Maneno yako ya kweli yanafanya kazi ambayo hukuyatuma. Dawa yake sio kunyamaza, ni kufunga sifa na dai kwenye sentensi moja, isikatike. Sema "salfa ya mwaka huu imetusaidia lakini mitatu haitoshi na imechelewa" kwa pumzi moja, usiweke nukta katikati. Anayetaka kukata atapata shida wapi akate.

Na wenzako nao waulize hili, kwa upole. Chama chenu kikishinda kesho, salfa ya ruzuku mtaifuta? Kama hamtaifuta, basi mnaikubali, na mkulima anatakiwa asikie mnaikubali ili ajue mkija hatapoteza. Mkishindwa kutaja hata kitu kimoja mtakachokibakiza, mkulima mwenye mikorosho 100 anawaona ni watu wa kubomoa. Methali tunaijua wote, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na ukimnyima haki yake kwenye hili dogo hata siku ukimkamata kwenye kubwa watu hawatakuamini, watasema huyu si kila siku anapinga.

Alafu wakumbuke kwamba fimbo wanayokuchapa nayo imeshatuchapa sisi sote. Desemba 2012 maandamano, Januari na Mei 2013 vurugu, habari ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Wengi waliotoka barabarani Mtwara hawakuwa wanapinga gesi, wala hawakuwa wanaikataa nchi yao, walikuwa wanauliza kwanini isichakatwe hapa watoto wetu wapate ajira hapa. Jambo moja. Wakaitwa wachochezi, wakaitwa watu wanaotaka kugawa nchi. Ndo matokeo ya hesabu ileile, ukipinga moja umepinga yote. Wenzako wakikubali kwamba kusifia moja ni kuunga yote, wamekubali na upande wake wa pili, na upande wa pili unakuja na mabomu ya machozi. Mi nilikuwepo Mtwara siku hizo, sitaki kabisa tuirudie hiyo hesabu kwa mikono yetu wenyewe, hata kwenye grupu la WhatsApp.

Sasa tuje kwenye salfa yenyewe maana naona wote mmeiacha mkakimbilia kadi. Mkorosho mkubwa unataka karibu robo kilo kila unapopulizia, na kwa ubwiriunga wa huku unapulizia mara nne mpaka tano. Mikorosho 100 ni kilo 25 kwa raundi moja, mfuko mmoja. Wewe una 100 na kidogo umepata mifuko mitatu, umepata raundi tatu, moja au mbili zilizobaki umenunua au hukupulizia. Na ulipata mwezi gani? Kama ilifika wakati maua yameshaanza kuungua basi hata hiyo mitatu imefanya kazi ya miwili. Haya ndo maswali ambayo wewe uliyesifia una nguvu ya kuyauliza kuliko yule aliyenuna, kwasababu hakuna atakayekwambia huyu ana chuki. Sifa yako imekupa nafasi ya kuuliza, ukiiacha ikalala ndo imepotea.

Mkutano ujao simama tena. Usianze kwa kujitetea kwamba we sio chawa, achana nayo. Sema nilisifia mifuko mitatu na bado naisifia, sasa naomba kujua kijiji chetu kilitengewa mifuko mingapi, imefika mingapi, nani amepata na alisajiliwa mikorosho mingapi. Na ule mgao usomwe. Uliza kwa sauti hiyohiyo uliyosifia nayo.

Mjomba wako naye usigombane nae, mjomba ni mjomba, na inawezekana amefurahi tu. Mpigie wewe safari hii, msalimie, mwambie mjomba kadi yangu ninayo na salfa nimeikubali, ila wewe una mtu unamfahamu pale wilayani, naomba uniulizie mwakani inaletwa lini, maana Mei nataka iwe ghalani. Akikuletea jibu, liandike na tarehe. Na orodha ya mgao ikibandikwa ukutani ofisi ya kijiji, ipige picha siku hiyohiyo, huwa hazikai.